Jinsi ya Kusajili Tela la Jiko la Nyama Choma Dar es Salaam na Kulipatia Kadi

Jiko la nyama choma linalokaa uani halidaiwi namba ya usajili na mtu yeyote. Likishafungwa juu ya ekseli, likawekewa magurudumu na mkono wa kuunganishia gari, kisha likaingia Barabara ya Mandela likivutwa na pikapu, limekuwa tela. Na tela, kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, ni chombo kinachosajiliwa peke yake, mbali na gari linalolivuta. Ndiyo maana malori yanayotoka bandarini kwenda Tunduma au Rusumo huwa na namba mbili, moja ya kichwa na nyingine ya tela. Udogo wa tela haulitoi katika utaratibu huo.

Kinachosajiliwa, hata hivyo, si jiko. Ni chesisi, ekseli, magurudumu na mkono wa kuvutia, yaani kile kinachobeba jiko. Ningependa msomaji alishike jambo hili mapema, kwa sababu usumbufu mwingi wa baadaye huanza pale mtu anapoagiza jiko zuri, akalipa, akalizindua, ndipo akaanza kutafuta karatasi za kile kilicho chini yake. Karatasi za tela huanza kukusanywa siku chuma cha kwanza kinaponunuliwa, na zisipokusanywa siku hiyo, nyingine hazipatikani tena.

Anayesoma maelekezo ya Marekani, ambako majiko ya kuvutwa na gari ni mengi, atakuta karatasi mbili tofauti: hati ya umiliki, inayosema mali ni ya nani, na usajili, unaoruhusu chombo kutembea barabarani. Kila jimbo lina kanuni zake. Huku kwetu kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambayo watu huiita kadi ya gari, ndiyo inayofanya kazi zote mbili machoni pa mnunuzi, benki na polisi. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye kadi lina uzito mkubwa, na halipaswi kuachwa liandikwe kwa mazoea, kwa mfano jina la fundi au la ndugu aliyekwenda kushughulikia malipo.

Je, unahitaji tela?

Kabla ya kuingia gharama, pima kazi yako. Mtu anayepika kwenye sherehe chache kwa mwezi anaweza kubeba jiko lake juu ya kirikuu au pikapu kama mzigo, likiwa limefungwa kwa mikanda, akalishusha kwa watu wanne na kulirudisha jioni. Jiko la namna hiyo linabaki kuwa mzigo. Halina ekseli, halina namba, na gari lililolibeba linatumia kadi yake ileile. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kwa anayeanza, na ningemshauri asione haya kuitumia kwa muda mrefu. Angalizo lililopo ni kwamba jiko lisichomelewe moja kwa moja kwenye bodi ya gari, maana hapo umebadilisha muundo wa gari, na kadi inayosema pikapu haielezi tena kile ambacho askari anakiona.

Tela linastahili pale jiko lenyewe linapokuwa zito mno kushushwa, au pale gari linapohitajika kwa kazi nyingine wakati jiko likiwa kazini.

Karakana ndiko kadi inakoanzia

Mafundi wa kuchomelea wako kila upande wa jiji, kuanzia Gerezani hadi eneo la viwanda vidogo la SIDO pale Vingunguti, na wapo watengenezaji wakubwa wa matela kwenye Barabara ya Nyerere. Tofauti kati yao, kwa anayefikiria usajili, haiko katika ubora wa kuchomelea tu. Mtengenezaji aliyesajiliwa rasmi hukupa ankara, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi), na maelezo ya chombo yenye namba ya chesisi, uzito na vipimo. Fundi wa mtaani anaweza kuunda kitu imara vilevile, lakini mara nyingi hana vitu hivyo, na hapo kazi ya kuthibitisha asili ya tela inakuangukia wewe.

Ukiamua kutumia fundi wa mtaani, andikeni mkataba wa kazi kabla ya kulipa hata sehemu ya fedha. Mkataba utaje jina la mwenye tela kama litakavyoonekana kwenye kadi, jina la fundi na mahali pa karakana yake, maelezo ya tela, na bei ya kazi, kisha ushuhudiwe. Vyuma, matairi, ekseli, springi, taa na waya uvinunue wewe mwenyewe katika maduka yanayotoa risiti za EFD, na kila risiti iandikwe jina lako na namba yako ya mlipakodi. Kudai risiti ni wajibu wa kisheria wa mnunuzi, si hiari, na katika suala hili ni faida yako pia, kwani rundo la risiti zinazolingana na chombo kilichosimama mbele ya mkaguzi ni ushahidi mzuri kwamba tela halikutoka kwenye mali ya mtu mwingine. Karatasi za risiti za EFD hufifia haraka kwenye joto la jiji hili, kwa hiyo zipige picha au zitolee nakala siku hiyohiyo.

Ekseli ni sehemu inayohitaji uangalifu wa pekee. Matela mengi madogo huundwa kwa ekseli ya gari lililokufa, na mengine hutokana na kipande kizima cha nyuma cha pikapu kilichokatwa na kugeuzwa tela. Kipande hicho kinavutia kwa sababu springi, ekseli na magurudumu vimeshakaa mahali pake. Hata hivyo, katika pikapu nyingi namba ya chesisi hupigwa kwenye mhimili wa upande wa mbele, hivyo kipande cha nyuma hubaki bila namba yoyote, huku gari lilikotoka likiendelea kuwa hai kwenye kumbukumbu za TRA. Ukinunua kipande cha namna hii, dai mkataba wa mauziano, nakala ya kadi ya gari husika, na uthibitisho kwamba mwenye gari amefuta usajili wake. Asiyeweza kukupa vitu hivyo, mwache na chuma chake, hata kama bei yake ni nzuri. Kamwe usikubali fundi akupigie kwenye tela namba ya chesisi ya gari lingine ili kurahisisha mambo. Huko ni kughushi, na mwenye kadi ndiye atakayeulizwa.

Namba ya chesisi ya tela jipya inapaswa kuwa moja tu, isiyofanana na ya chombo kingine, na ipigwe kwa patasi za herufi kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibati kilichofungwa kwa skrubu. Kabla fundi hajaipiga, uliza TRA na wakaguzi wa polisi ni namba gani ya kutumia, hasa kama muundaji si mtengenezaji aliyesajiliwa. Mahali pazuri ni upande wa kulia wa chuma cha mbele, karibu na mkono wa kuvutia, ambako mkaguzi anaweza kuisoma bila kulala chini. Usiiweke karibu na sanduku la moto. Joto huunguza rangi, kutu hufuata, na baada ya miaka michache namba haisomeki. Namba isiyosomeka humtia wasiwasi kila anayeitazama. Piga picha ya namba hiyo ikiwa chuma kitupu, kabla ya kupaka rangi.

Uzito nao uandikwe kwa ukweli. Bati la chuma la unene wa milimita 6 lina uzito wa takriban kilo 47 kwa kila mita moja ya mraba. Pipa la kuchomea lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 2, likitengenezwa kwa bati hilo pamoja na vifuniko vyake viwili vya pembeni, linafikia kilo 200 hivi, kabla hujaongeza sanduku la moto, nyavu, bomba la moshi, rafu ya kuni na chesisi yenyewe. Mtu anayeona jiko dogo hushangaa tela zima linapozidi nusu tani. Hesabu hii ifanywe kabla ya kuchagua ekseli na matairi, halafu tela likikamilika lipelekwe kwenye mizani halisi, kwa sababu utahitaji namba mbili: uzito likiwa tupu, na uzito wa juu kabisa likiwa na mkaa, maji, meza na vyombo. Huko Ulaya tela ambalo uzito wake wa jumla hauzidi kilo 750 huruhusiwa kuvutwa bila breki zake lenyewe. Ningekichukua kipimo hicho kama mwongozo mzuri hata hapa, na kwa tela zito zaidi ningedai breki bila kusubiri kulazimishwa. Mteremko wa Kimara siku ya mvua si mahali pa kugundua kwamba pikapu haiwezi kusimamisha kile inachokivuta.

Ukaguzi wa polisi

Tela likiwa tayari, tafuta mkaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani katika mkoa wako wa kipolisi, iwe Ilala, Kinondoni au Temeke, ili alikague na kuandika taarifa. Usilivute barabarani bila namba kulipeleka kwake kabla ya kumuuliza anataka ufanyeje. Tela linaweza kupakiwa juu ya gari la mizigo, au mkaguzi akaelekeza namna nyingine. Atataka kuona namba ya chesisi, kuilinganisha na karatasi zako, na kuona kwamba chombo kinafaa kwa barabara.

Upande wa usalama, anza na taa. Nyuma kuwe na taa nyekundu za usiku, taa za breki, indiketa za rangi ya machungwa, taa ndogo nyeupe ya kumulika namba, na rifrekta nyekundu pande zote mbili; mbele kuwe na rifrekta nyeupe. Waya zipitishwe ndani ya mabomba ya chuma na mbali na sanduku la moto, maana joto huyeyusha ngozi ya waya taratibu na hitilafu huonekana usiku ukiwa njiani. Matairi yasiwe makuukuu, hata kama tela litatembea mara moja kwa wiki. Magurudumu yafunikwe kwa madigadi. Kiungo kiwe na pini ya kufungia, na pembeni yake ziwe cheni mbili za usalama zilizopishana chini ya mkono wa kuvutia, ili kiungo kikichomoka mkono udakwe kabla haujagusa lami. Jiko lenyewe lifungwe kwenye chesisi kwa boliti au kwa kuchomelewa, na milango yake iwe na komeo, kwani mlango wa chuma unaofunguka kwenye mzunguko wa barabara ni hatari kwa bodaboda aliye kando yako.

Ndani ya TRA

Usajili wa vyombo vya moto na matela uko chini ya TRA, kwa Sheria ya Kodi ya Usajili na Uhamisho wa Magari, Sura ya 124. Jambo la kwanza ni namba ya mlipakodi, yaani TIN, ambayo kwa Mtanzania hupatikana kwa namba ya kitambulisho cha Taifa cha NIDA. Kama biashara yako ni kampuni, amua mapema kama tela litakuwa mali ya kampuni au mali yako binafsi. Likiwa la kampuni, ankara, mkataba na risiti zote ziwe na jina na TIN ya kampuni kama ilivyosajiliwa kwa msajili wa kampuni, BRELA. Kuchanganya majina, risiti kwa jina la mke, mkataba kwa jina la mume, na maombi kwa jina la kampuni, ni njia ya hakika ya kurudishwa dirishani.

Maombi huambatanishwa na taarifa ya ukaguzi wa polisi, ankara au mkataba wa utengenezaji, risiti, na picha za tela. Yakikubaliwa, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroli namba, na malipo hufanyika benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha mkononi kwa ahadi kwamba atakulipia. Viwango vya ada hubadilishwa na Sheria ya Fedha inayoanza kutumika kila tarehe 1 Julai, kwa hiyo kiasi alichokutajia jirani aliyesajili mwaka jana kisitumike kupanga bajeti. Wapo pia wazee wa kazi wanaoulizia leseni ya barabara ya kila mwaka; hiyo ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta.

Kwenye fomu kuna swali la matumizi ya chombo. Jibu ukweli kwamba ni la biashara. Askari wa Dar es Salaam wamezoea kusoma rangi za pleti namba, njano kwa magari binafsi na nyeupe kwa ya biashara, na jiko linalouza nyama barabarani halifanani na chombo binafsi hata kidogo. Maelezo ya muundo nayo yasome vizuri kabla ya kuthibitisha: idadi ya ekseli, rangi, uzito mtupu na uzito wa jumla. Kosa la tarakimu moja kwenye namba ya chesisi ni rahisi kulirekebisha likiwa bado kwenye skrini. Likishachapwa kwenye kadi linageuka kuwa safari za kwenda na kurudi.

Pleti namba zitengenezwe na watengenezaji walioidhinishwa, na ya tela ifungwe nyuma mahali ambapo moshi na mafuta ya nyama hayaifikii.

Tela lililoagizwa kutoka nje

Aliyeagiza tela lililokwisha kutumika Marekani ana kazi ya ziada. Baadhi ya majimbo hayatoi hati ya umiliki kwa matela mepesi. Texas, kwa mfano, hailazimishi hati hiyo kwa tela ambalo uzito wake wa jumla hauzidi pauni 4,000, sawa na kilo 1,800 hivi. Kwa hiyo muuzaji anaweza kukutumia mkataba wa mauziano pekee, bila nia yoyote mbaya. Usiridhike nao. Omba pia karatasi ya usajili wa jimbo, hati ya asili ya mtengenezaji kama ipo, na picha ya namba ya utambulisho iliyopigwa kwenye chesisi, ambayo kwa matela ya viwandani ina herufi na tarakimu 17. Tela lililoundwa nyumbani huenda lina namba iliyotolewa na jimbo, au halina kabisa, na hilo la mwisho ningelikataa.

Forodhani ndiko makosa makubwa hufanyika. Katika orodha ya ushuru matela yako kwenye kifungu cha 8716, wakati majiko ya chuma yako 7321, na wakala wa forodha anaweza kushawishika kuandika jiko tu kwa kuwa ndilo linaloonekana. Msisitizie atangaze chombo kama kilivyo, pamoja na namba ya chesisi, kwa sababu usajili wa chombo kilichoagizwa hutegemea kumbukumbu za forodha. Chombo kilichoingia nchini kama jiko hakina pa kuanzia kitakapoombewa namba kama tela. Omba uamuzi wa TRA kuhusu kifungu kabla mzigo haujafika bandarini, ili ujue ushuru, na ukumbuke kwamba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hujumlishwa juu yake.

Kisha kuna ufundi. Matela mepesi ya Marekani hutumia plagi ya pini nne ambamo taa ya breki na indiketa ni taa moja nyekundu, ilhali magari mengi ya Kijapani tunayoendesha yana indiketa ya peke yake. Fundi umeme atenganishe taa hizo kabla ya ukaguzi. Mpira wa chuma wa kuunganishia tela na gari nao huja kwa vipimo vya inchi. Kiungo cha inchi 2 kina milimita 50.8, na kinacheza kidogo juu ya mpira wa milimita 50 uliozoeleka huku. Badilisha kimoja vifanane.

Bima, dereva na mahali pa kuegesha

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa gari linalovuta, na mwambie wakala wako kwa maandishi kwamba kuna tela, lenye namba hii, linalobeba jiko. Kisha hakiki kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) kwamba stika ya kielektroniki ipo kweli. Bima hiyo hulipa madhara waliyopata wengine. Jiko lako likiungua au likipinduka, halimo. Dereva awe na daraja la leseni linaloruhusu chombo cha biashara, maana daraja B ni la magari yasiyo ya biashara.

Moto usiwashwe wakati tela linatembea, na majivu yamwagwe kabla ya kuondoka, si njiani.

Kadi ya tela haikupi ruhusa ya kuuza chakula wala ya kusimama popote. Leseni ya biashara hutolewa na halmashauri ya eneo unalofanyia kazi, iwe Jiji la Dar es Salaam, ambalo tangu mwaka 2021 ndilo iliyokuwa Ilala, au manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni, na maombi hupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Wapishi wapimwe afya, na afisa afya wa kata aone jiko kabla halijaanza kazi. Hifadhi ya barabara inalindwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007; tela lenye namba halali likiegeshwa humo linaondolewa sawasawa na kibanda.

Kulinunua au kuliuza likiwa na kadi

Mnunuzi asikubali kadi ya gari linalovuta kuwa ndiyo ya tela. Muuzaji anaweza kuamini hivyo kwa dhati, na bado haisaidii. Linganisha namba ya chesisi kwenye chuma na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, na angalia kama jina la benki limo, maana hapo kuna mkopo ambao lazima umalizwe kwanza. Mkataba wa mauziano ushuhudiwe na wakili, pande zote mbili ziwe na TIN, na uhamisho wa umiliki ukamilishwe TRA pamoja na ushuru wa stempu kabla malipo ya mwisho hayajatolewa. Jiko likiuzwa pamoja na tela, mkataba utaje kila kimoja na bei yake, kwa kuwa kadi inaeleza tela tu, na mgogoro ukitokea karatasi pekee inayosema jiko ni lako itakuwa mkataba huo.